Krediti za Haiskuli Marekani: Namna ya Kuzihesabu Kabla Gredi ya 12 Haijafika

Waliosoma Tanzania, Kenya au Kongo wanaujua mtihani mmoja unaoamua kila kitu: wa kidato cha nne, KCSE, au Examen d'État. Mwanafunzi anaweza kuzubaa miaka miwili mitatu, akakaza buti mwaka wa mwisho, akafaulu, na yaliyopita yakasahaulika. Marekani mlango huo haupo. Hakuna mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Anayehitimu ni yule aliyekusanya krediti za kutosha katika masomo yanayotakiwa, na hesabu huanza siku ya kwanza ya gredi ya 9, mwaka wa kwanza kati ya minne ya haiskuli.

Ndiyo maana kila masika kuna familia zetu Dallas, Louisville, Des Moines au Columbus zinazoshtuka. Joho limeshalipiwa, wajomba wameshaalikwa, halafu shule inapiga simu kusema mtoto hamalizi mwaka huu. Naye mtoto alikuwa akipanda basi la shule kila asubuhi. Alikuwa amepanda gredi kama wenzake. Tatizo ni kwamba wilaya nyingi humpandisha mwanafunzi gredi hata akiwa na masomo aliyofeli nyuma yake, na deni hilo halimwachi mpaka alilipe.

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi anayetaka kujua deni hilo mapema, na wa kijana mwenyewe. Mifano mingi nimeitoa Texas, kwa sababu watu wetu wako wengi huko na kanuni zake zinasomeka vizuri. Aliye kwingine abadilishe tarakimu. Kazi yenyewe ni ileile.

Krediti moja ni nini

Kwa kifupi: krediti 1 ni somo moja lililosomwa mwaka mzima na kufaulu. Somo la muhula mmoja ni nusu krediti. Kipimo hiki kina zaidi ya miaka mia; kilienea kuanzia 1906 kupitia taasisi ya Carnegie, iliyolihesabu somo kwa saa, yaani saa 120 za darasani kwa mwaka. Hadi leo shule nyingi hufuata wazo hilo.

Mwanafunzi akifeli hapewi robo wala theluthi. Anapata sifuri, hata kama alihudhuria kila kipindi. Kufaulu ni nini? Inategemea mahali. Texas mwanafunzi lazima apate 70 kati ya 100. Majimbo mengi yanayotumia herufi hukubali hata D. Lakini D ni ya kumaliza haiskuli tu, na baadaye nitaeleza inavyomfungia mtoto milango ya chuo kikuu.

Msichanganywe na namba kubwa. Jimbo la New York linadai krediti 22, lakini shule za Jiji la New York zinasema 44, kwa sababu zinahesabu kila muhula kuwa krediti 1. California somo la mwaka mzima huwa ni krediti 10, kwa hiyo utasikia wilaya ikidai 220 au 230. Mtoto mwenye krediti 60 Los Angeles hajamzidi binamu yake mwenye krediti 6 Houston. Wako sawa.

Nani anapanga idadi

Serikali ya Washington haihusiki. Jimbo huweka kima cha chini, na wilaya ya shule inaweza kuongeza juu yake. Texas ni 22, au 26 kwa mpango wenye mchepuo maalumu. Ohio ni 20. Kentucky na Arizona ni 22 kila moja, Michigan 18, Minnesota 21.5, Jimbo la Washington 24. Massachusetts na Pennsylvania huiachia wilaya ipange idadi. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza ni hili: hapa wilayani kwetu, kwa wanafunzi walioanza gredi ya 9 mwaka fulani, masharti ni yapi? Mwaka ni muhimu, kwa sababu sheria zikibadilika mara nyingi humfuata aliyeanza baada ya mabadiliko. Masharti ya dada yake aliyemaliza miaka minne iliyopita yanaweza yasiwe yake.

Hatua ya kwanza: pata karatasi mbili

Ya kwanza ni orodha ya masharti ya kuhitimu ya wilaya. Iko kwenye tovuti yao, au ofisini. Ya pili ni transkripti ya mtoto, yaani rekodi ya masomo yote, alama na krediti. Usiridhike na ripoti ya muhula inayoletwa nyumbani. Ripoti inaonyesha alama za sasa. Transkripti inaonyesha kilichoingia kwenye hesabu.

Kuiona ni haki yako. Sheria ya shirikisho iitwayo FERPA, ya 1974, inampa mzazi haki ya kukagua rekodi za mtoto, na shule isizidishe siku 45. Kuna jambo moja linalowagusa sana waliotoka kambi za wakimbizi: kijana akifikisha miaka 18, haki hiyo inahamia kwake. Watoto wetu wengi wako gredi ya 10 wakiwa na miaka 18, kwa sababu ya miaka iliyopotea njiani. Shule inaweza kukwambia, "Mama, aje mwenyewe." Asaini ruhusa, yaishe. Pia sheria inairuhusu shule kumwonyesha mzazi ambaye bado anamhesabu kijana kama mtegemezi kwenye kodi zake.

Hatua ya pili: chora visanduku

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanatazama jumla chini ya ukurasa, wanaona 12 kati ya 22, wanasema tumevuka nusu. Jumla inadanganya. Krediti zimegawanywa katika visanduku, na kila kisanduku kijae chenyewe.

Mpango wa msingi wa Texas ni huu: Kiingereza 4, hisabati 3, sayansi 3, masomo ya jamii (historia, jiografia, serikali, uchumi) 3, lugha nyingine 2, sanaa 1, elimu ya viungo 1, na masomo ya kuchagua 5. Jumla 22. Anayetaka mchepuo anaongeza hisabati 1, sayansi 1 na ya kuchagua 2, ndipo anafika 26.

Kinachozidi kwenye Kiingereza au sanaa kinaweza kuingia kwenye kisanduku cha kuchagua. Kinyume chake hakiwezekani. Krediti 9 za mpira, kwaya na kompyuta haziwezi kuziba hata nusu ya hisabati.

Tuchukue mfano, tuufanyie kazi kwa kalamu. Kijana alitoka kambi ya Nyarugusu, Tanzania, akaanza gredi ya 9 Texas akiwa na miaka 16 bila krediti yoyote. Sasa amemaliza gredi ya 10. Transkripti yake inasomeka hivi: Kiingereza cha wageni ngazi ya 1 na ya 2, krediti 2. Aljebra ya 1, muhula wa kwanza 74, wa pili 61, krediti 0.5. Biolojia 1. Fizikia na kemia kwa pamoja 1. Jiografia ya dunia 1. Mpira wa miguu mwaka wa kwanza 1, mwaka wa pili 1. Sanaa 1. Madarasa ya kuimarisha Kiingereza 2. Kompyuta 1. Jumla 11.5.

Nusu ya 22 ni 11, kwa hiyo kijana anajiona yuko mbele. Sasa jaza visanduku. Kiingereza kimebaki 2. Hisabati 2.5. Sayansi 1. Masomo ya jamii 2. Lugha nyingine 2, hajaigusa. Sanaa imekwisha, viungo vimekwisha. Kuchagua ana 4 (mpira wa mwaka wa pili, kuimarisha Kiingereza, kompyuta), bado 1. Deni lote ni 10.5. Shule yake ina vipindi 7 kwa siku, maana yake krediti 7 kwa mwaka, 14 kwa miaka miwili. Diploma ya 22 anaipata, na ana nafasi ya kupumua.

Lakini akitaka ile ya 26, deni ni 14.5 na nafasi alizonazo ni 14. Nusu krediti ya Aljebra, ile 61 ya masika, ndiyo inamzuia. Mzazi akiligundua hilo mwezi Juni wa gredi ya 10, dawa ni wiki chache za masomo ya kiangazi. Akiligundua Februari ya gredi ya 12, hakuna dawa.

(Kabla ya kulipia kiangazi, uliza sera ya wilaya kuhusu wastani wa mihula miwili. Pengine mwanafunzi aliyefeli muhula mmoja hupewa krediti nzima wastani wake ukifika 70. Huyu wetu wastani wake ni 67.5, haimsaidii. Angepata 66 badala ya 61, ingemsaidia.)

Hatua ya tatu: dai krediti za nyumbani

Ukienda kuandikisha mtoto wa umri wa haiskuli, beba kila karatasi: bulletin za Kongo, ripoti za muhula za Kenya au Uganda, matokeo ya kidato cha pili ya NECTA, vyeti vya shule za kambini. Kambi ya Kakuma hufuata mtaala wa Kenya, Wakongo wa Nyarugusu walifuata mtaala wa Kongo, Nakivale na Kyangwali wa Uganda. Mweleze hivyo mwandikishaji, kwa sababu yeye anaona neno "Tanzania" kwenye fomu na kwenda kutafuta mfumo wa Tanzania. Kama karatasi ziko kwa Kifaransa au Kiswahili, uliza kama wilaya ina ofisi ya wanafunzi wageni inayotafsiri bila malipo kabla hujamlipa mtu.

Kinachohesabika kwa kawaida ni masomo ya kiwango cha gredi ya 9 kwenda juu. Aliyefika mwaka wa pili wa humanités (sekondari ya Kongo) au kidato cha pili ana kitu cha kudai. Hisabati na sayansi hazina ubishi mkubwa. Wanalolisahau wengi ni lugha. Somo la Kifaransa kwenye bulletin linaweza kukijaza kile kisanduku cha lugha nyingine, kinachowatesa Wamarekani wenyewe. Kiswahili vilevile.

Na kama karatasi ziliungua au zilibaki Uvira? Usikubali kirahisi mtoto wa miaka 17 kuwekwa gredi ya 9 na sifuri. Omba apimwe. Wilaya nyingi zina mitihani ya kupata krediti bila kukaa darasani. Kwa lugha, kuna mitihani ya ustadi inayotambuliwa na wilaya kadhaa, na Kiswahili kimo. Avant STAMP ni mmojawapo. Jimbo la Washington, kwa mfano, huruhusu wilaya kutoa hadi krediti 4 za lugha kwa mtihani wa namna hiyo. Rudi kwenye mfano wetu: kijana akifanya mtihani wa Kiswahili akapata krediti 2, ile 26 iliyoshindikana inawezekana bila kiangazi chochote. Mtihani huo una kuandika pia, kwa hiyo aliyezaliwa huku na kukijua Kiswahili cha jikoni tu ajiandae.

Tahadhari kwa aliyemaliza kidato cha nne au KCSE kabla ya kuja. Baadhi ya wilaya humwona amekwisha kuhitimu, na zinaweza kumkatalia kuandikishwa. Huyo njia yake fupi mara nyingi ni kuvifanyia tathmini vyeti vyake kwa shirika kama World Education Services na kwenda chuo cha jamii (community college).

Jambo lingine la kujua wakati wa kuandikisha: shule ya umma hairuhusiwi kumkataa mtoto kwa sababu ya hali ya uhamiaji. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua hivyo 1982 katika kesi ya Plyler na Doe.

Hatua ya nne: uliza ESL imeingia kisanduku gani

Hili ni swali dogo lenye mwaka mzima ndani yake. Mtoto mgeni hupimwa Kiingereza, kisha huwekwa kwenye madarasa ya ESL, yaani Kiingereza kwa wageni. Sehemu nyingine madarasa hayo yanahesabiwa kama krediti za Kiingereza. Sehemu nyingine yanaingia kwenye kuchagua, na mtoto anafika gredi ya 11 akiwa bado anadaiwa Kiingereza chote 4. Texas, kozi mbili zinazoitwa ESOL I na ESOL II zinaweza kusimama badala ya Kiingereza cha 1 na cha 2 kwa mwanafunzi mgeni. Darasa la kuimarisha kusoma, ambalo kwa jina linafanana, halisimami badala ya chochote. Tazama transkripti, siyo maneno ya kwenye ratiba.

Kaunsela, yaani mshauri wa shule anayepanga ratiba, mwenye wanafunzi mia nne si mtu mbaya. Hana muda tu. Nafasi ikibaki wazi kwenye ratiba, atamtia mtoto popote penye kiti: msaidizi wa ofisi, mazoezi ya viungo kwa mara ya tatu, sanaa tena. Mtoto anafurahi kwa sababu hakuna kazi ya nyumbani. Ratiba ya namna hiyo ndiyo ya kuikataa.

Hatua ya tano: kaa na kaunsela, mara mbili kwa mwaka

Mara ya kwanza nenda Oktoba au Novemba, baada ya alama za kwanza. Mara ya pili ni majira ya baridi, kati ya Januari na Machi, wakati shule nyingi zinapopanga masomo ya mwaka unaofuata. Hii ya pili ndiyo yenye uzito. Wazazi wetu wengi huja Agosti, ratiba imeshafungwa na darasa la kemia limejaa.

Omba mkalimani siku kadhaa kabla, kwa barua pepe, ili iwepo kumbukumbu. Wilaya nyingi zina huduma ya simu yenye Kiswahili. Usimtumie mtoto mwenyewe kutafsiri. Nimeketi katika vikao vya namna hii, na nimesikia kaunsela akisema kwa sauti ya upole kwamba kijana anadaiwa masomo matatu, naye kijana akimgeukia mama yake: "Mama, anasema niko sawa, niongeze bidii kidogo." Mama akamshukuru kaunsela. Kaunsela akafurahi kwamba mama amelipokea vizuri.

Ukikaa, weka visanduku vyako mezani na uulize mambo haya. Mwanangu anadaiwa nini katika kila somo, siyo jumla? Yuko kwenye mpango gani, wa msingi au wa mchepuo? Kuna mitihani ya jimbo ambayo bado hajafaulu? Somo hili mnalompa mwakani linaziba kisanduku gani? Kisha omba majibu yaandikwe na yasainiwe. Shule nyingi zina fomu ya mpango wa miaka minne kwa kazi hiyohiyo.

Krediti peke yake huenda hazitoshi

Swali la mitihani nimelitaja makusudi. Texas, mbali na krediti, mwanafunzi anatakiwa kufaulu mitihani mitano ya STAAR: Aljebra ya 1, Biolojia, Kiingereza cha 1, Kiingereza cha 2 na Historia ya Marekani. Wanaoteseka na ile ya Kiingereza ni wengi. Aliyeshindwa isiyozidi miwili anaweza kupelekwa kwenye kamati ya kuhitimu, ambayo hutazama kazi zake nyingine na inaweza kumpitisha. Sheria hiyo ni ya 2015, na mzazi ni mjumbe wa kamati. Shule isipoitaja, itaje wewe. Texas pia humtaka mwanafunzi ajaze fomu ya msaada wa masomo ya chuo, FAFSA au ile ya jimbo, au asaini kwamba hataki. Ni karatasi tu, lakini inaweza kukwamisha diploma.

Ohio ina masharti yake ya kuonyesha umahiri juu ya zile krediti 20. Massachusetts imekwenda upande mwingine: Novemba 2024 wapiga kura waliondoa sharti la kufaulu mtihani wa jimbo, MCAS, ili kuhitimu. Mambo haya hubadilika, kwa hiyo usitegemee alichokwambia jirani kanisani au msikitini.

Safari, msiba na kuhama

Texas ina kanuni ya asilimia 90: mwanafunzi asiyehudhuria angalau asilimia 90 ya siku ambazo somo linafundishwa anaweza kunyimwa krediti hata kama alama zake ni 85. Tukienda nyumbani Desemba, tiketi rahisi ni ya kurudi katikati ya Januari. Wiki mbili hizo zinaweza kuula muhula. Kwa msiba hakuna anayepanga. Iandikie shule kabla ya kuondoka, omba kazi za darasani, na ukirudi uliza kuhusu kamati ya mahudhurio, ambayo ina uwezo wa kurudisha krediti.

Kuhama ni pigo kubwa zaidi, na sisi tunahama sana: ukisikia kuna kiwanda cha nyama Iowa kinacholipa vizuri, wiki ijayo vitu viko kwenye lori. Kama una mtoto haiskuli, jitahidi ungoje mwisho wa muhula, Desemba au mwishoni mwa Mei. Anayeondoka Novemba anaweza kupoteza nusu krediti katika kila somo, jumla 3 au 3.5, kwa mara moja. Na akifika anakuta visanduku vipya. Ohio, kwa mfano, inataka hisabati 4 na nusu krediti ya afya, hata kama kule ulikotoka mtu hakuyataja.

Waliohamia California wana nafuu ambayo shule hazitangazi. Mwanafunzi mhamiaji aliye kwenye programu ya wageni wapya, akiwa mwaka wa tatu au wa nne wa haiskuli, anaweza kusamehewa masharti ya ziada ya wilaya na kuhitimu kwa kima cha chini cha jimbo, ambacho ni kozi 13 za mwaka mzima. Ni sheria ya 2018, AB 2121. Nao wasio na makazi ya kudumu, pamoja na wanaokaa kwa ndugu kwa kukosa pa kwenda, wanalindwa na sheria ya shirikisho inayotaka krediti zao, hata za nusunusu, zitambuliwe.

Kulipa deni

Njia ziko nyingi: kiangazi, masomo ya jioni, kurudia kipindi mchana, au kufidia kwenye kompyuta. Hii ya kompyuta ni ya haraka, na kijana anaweza kumaliza muhula mzima kwa wiki chache. Mimi siipendi kwa hisabati. Aliyefidia Aljebra ya 1 kwa kubofya anafika ya 2 akiwa hana msingi, anafeli tena, na safari hii hakuna muda. Kwa historia au afya, sawa.

Kwa wanaocheza mpira au kukimbia na kutumaini ufadhili, kuna hesabu ya pili. NCAA, chama cha michezo ya vyuo vikuu, kwa daraja la kwanza inataka kozi 16 za msingi, na 10 kati yake ziwe zimekamilika kabla ya gredi ya 12 kuanza. Kozi nyingi za kufidia kwa haraka haikubali. Kocha atasifu mbio. Kuhusu hizo 10, muulize kaunsela mwenyewe.

Na ile D niliyoitaja. Diploma ya California inahitaji hisabati miaka 2. Vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilohilo, UC na CSU, vinataka 3, ndani ya orodha ya kozi 15, zote kwa C au zaidi. Mtoto anaweza kuvaa joho Mei na asiwe na sifa ya kuomba hata kimoja. Ukipanga visanduku, panga kwa kipimo cha chuo kuanzia gredi ya 9, kwa sababu kushuka ni rahisi.

Umri ukikimbia

Katika majimbo mengi haki ya kusoma haiskuli bure hufika miaka 21. Texas wilaya inaweza kumpokea mwanafunzi hadi kabla ya 26, ikitaka. Kijana wa miaka 19 mwenye krediti 4 ahesabu kwa uwazi: kwa krediti 7 kwa mwaka, anamaliza? Kama ndiyo, tafuta shule za wageni, mfano Newcomer Academy ya Louisville au Columbus Global Academy, au shule za jioni zenye mwendo wa haraka. Kama hapana, GED ni mtihani wa masomo manne, kila kimoja kinafaulu kwa 145, na unafungua mlango wa chuo cha jamii. Kuacha haiskuli ili kufanya GED akiwa na miaka 16, bila sababu ya umri, sioni faida yake.

Mkataeni mtu anayewapa cheti cha kukamilisha mkidhani ni diploma. Kinatolewa kwa aliyekaa miaka minne bila kutimiza masharti, na hakimpi haki ya msaada wa shirikisho wa chuo. Wenye watoto walio kwenye mpango wa elimu maalumu, IEP, muwe makini kwa upande wa pili: diploma ya kawaida ikishapokelewa, huduma za shule zinakoma, hata kama kijana hajafika 21.

Wiki ya joho

Shule nyingine humruhusu mwanafunzi kupanda jukwaani hata akiwa anadaiwa nusu krediti ya kiangazi. Anapewa jalada, anapigwa picha, jalada liko tupu. Kwa hiyo baada ya sherehe, Juni, rudi ofisini uombe transkripti ya mwisho. Tafuta mstari wenye tarehe ya kuhitimu. Ukiuona, chukua nakala 3 kwenye bahasha zilizofungwa na shule, usizifungue, na moja iweke pamoja na karatasi za uhamiaji.